Buti za Mlimani, Gikomba

Marobota hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri,
ukungu wa Mto Nairobi ungali umelala juu ya mabati,
na baba huwahi, maana anajua anachokitafuta:
si raba, si viatu vya ofisini vyenye ncha kama mdomo wa korongo,
bali buti nzito, soli yake ina meno,
ulimi wake mnene kuliko wa dalali.
Akiipata huinusa.
"Hii imekanyaga theluji. Hii ilinunuliwa ikakaa kabatini."
Hajawahi kukosea,
au hajapatikana wa kumkosoa.

Jina lake Bwambale. Sokoni ni Mzee Buti.
Mimi ni Masika, na kila mteja huniuliza
kama nilizaliwa wakati wa mvua.
Kwetu ni jina la binti wa kwanza, basi,
na mvua ya kwetu haiulizi mwezi.

Kwetu ni Ruwenzori,
mlima uliogawanywa kwa rula
na watu waliouona kwenye karatasi:
huku Uganda, kule Kongo,
mstari ukapita juu ya barafu
na barafu haikuambiwa isimame.

Alikuwa na miaka kumi na tisa
alipowabebea mizigo wageni watatu.
Siku tano peku, matope mpaka magotini,
gunia la unga mgongoni, kamba ya gunia kwenye paji la uso.
Penye ukingo wa barafu wakagawiwa buti,
jozi sita kwa wapagazi tisa.
Yake ilimbana.
Yeye ndiye aliyechonga ngazi kwa shoka,
yeye ndiye aliyetangulia kileleni,
kisha akaombwa asogee kidogo
ili picha ipigwe.

Chini, buti zilihesabiwa, zikarudi sandukuni.
Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikurudi.
"Kimoja kilikatwa kambini upande wa Kongo,
tukakifukia kwenye barafu.
Cha pili kikaninyima usingizi hadi upande wa Uganda.
Nacho tukakifukia.
Mwenye mguu niko Kenya.
Haya, niambie, pasipoti yangu itoke wapi?"
Hucheka peke yake.
Nimeusikia mzaha huu tangu sijaota meno.

Mwezi wa saba akaja Kilonzi, mwanafunzi wa chuo kikuu,
anapanda Ruwenzori, mfuko wake mwepesi.
Baba akampunguzia nusu ya bei,
jambo ambalo hajamfanyia hata padri.
"Ila kuna deni.
Chini ya kilele, ukutani, mkono wa kulia,
nilipigilia msumari wa pete, pale barafu ilipogusa jiwe.
Nilipiga magoti kuupigilia.
Nenda ukaniangalie
barafu imesogea hatua ngapi."

Akarudi baada ya wiki tatu, midomo imebabuka,
buti zimekwaruzwa vizuri.
Hakuketi.
"Mzee, msumari nimeuona."
"Ehe."
"Uko juu yangu. Nilinyoosha mkono, sikuufikia.
Nikampandisha mwenzangu mabegani,
naye hakuufikia."
"Na barafu?"
"Nilikuwa nimesimama kwenye changarawe."

Mkokoteni ulipita ukipigiwa mluzi.
Mtu alipiga bei ya mashati, ishirini, ishirini, ishirini.
Baba akauvua mguu wa kushoto,
akautazama kama anayehesabu chenji,
akawa anasema taratibu, si na Kilonzi, si nami:
"Maji ya upande ule huteremka Semliki.
Ya upande huu huzunguka, hupitia maziwa,
mwisho nayo huingia Semliki.
Basi vimeshakutana.
Vimevuka mpaka bila kuulizwa,
saa hizi viko Misri."

Nilingoja acheke.

Akavaa kiatu, akavuta kamba, akafunga fundo
lile la mara mbili, lisilofunguka kwa baridi,
akamgeukia mama mmoja aliyeshika buti nyekundu
akiipindua huku na huku:
"Saizi ngapi, mama? Usichukue inayobana."