Shimo la Nabilatuk

Tulichimba mita moja na nusu,
mimi, sururu, na Lokwang,
Februari, saa ambayo kivuli nacho hutafuta kivuli,
mlima Kadam ukitutazama bila kusaidia.
Juu palikuwa na ukoko mweupe
kama jasho lililokaukia mgongoni mwa shati.
Nikaukanyaga; ukavunjika kwa sauti ya biskuti.

Sentimita kumi za vumbi la kijivu.
Kisha sururu ikagonga na kurudi mkononi.
Lokwang akaguna: "Nyumba hii ina sakafu."

Sakafu kweli. Tulipokwangua ukuta kwa kisu
zikatokea nguzo,
kila moja na kichwa cha mviringo, kilichonyolewa,
zimebanana bega kwa bega
mithili ya wanafunzi mstarini wakingoja uji.
Katika nyufa zake mizizi ya nyasi
imelala bapa, kama ua lililosahauliwa ndani ya Biblia.
Hakuna mzizi hata mmoja uliothubutu kuingia nguzoni.

Nikamwaga nusu dumu la maji.
Yakakaa.
Tukala muhogo, tukabishana kuhusu bei ya mbuzi.
Yakakaa.
Hayakuzama wala hayakutakata,
yalibaki na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
maana udongo huu ukilowa
chembe zake huachana mikono,
kila moja na lwake, huelea, hukataa kutua,
na zikitua huziba kila kitundu.
Ndiyo kazi ya sodiamu:
haiui mtu,
hugombanisha tu majirani.

"Mvua ikinyesha," Lokwang alisema,
"hapa unateleza kama umekanyaga sabuni,
na chini ya tope la kidole kimoja
kumekauka kama ulimi wa msafiri."

Kipimo changu, kilichotoka Kawanda kikiwa kimevikwa sponji,
kikasoma tisa na nusu. Nikaandika.
Lokwang alimega kipande, akakiweka ulimini,
akafumba jicho moja.
"Chumvi ziko mbili. Moja huuma mbele,
moja huteleza nyuma, hadi kooni.
Hii ni ya nyuma."
Kipimo kilikuwa kimesema hivyohivyo, ila kwa tarakimu.

Jua likachwea. Sampuli, tukasema, kesho.

Kesho yake tulikuta shimo limelambwa.
Nguzo zangu zote, vichwa na mabega,
zimegeuka mabonde laini yenye michirizi ya ndimi,
mate bado yanang'aa.
Na fahali mmoja wa kijivu, magoti chini,
shingo imezama shimoni,
alikuwa akimalizia ukurasa wa mwisho wa taarifa yangu.

Nilipiga kelele.
Kijana mwenye ng'ombe, Lochoro, aliniangalia
kama unavyomwangalia mgeni anayefokea watoto wakiwa mezani.
"Tangu Novemba hawajaonja chumvi," akasema.
"Juu hapa wameshakwangua mpaka meno yakachakaa.
Tamu iko chini, na sisi hatuna sururu."
Kisha akanishukuru kwa kuchimba.
Alinishukuru kwa dhati, kwa mikono miwili.

Kwenye fomu kuna kisanduku: matumizi ya ardhi.
Tangu jana nilikuwa nimejaza kwa penseli: haifai.
Sikufuta. Mahindi hayataota pale,
maharage ndiyo kabisa,
na mkubwa wangu hasomi habari za ndimi.
Ila pembeni, kwa herufi ndogo,
niliandika: sampuli imeliwa.

Tukachimba jingine, hatua arobaini kusini.
Jioni tukalifunika kwa matawi ya miiba,
yakafungamana vizuri pande tatu.
Wa nne Lokwang aliuacha wazi,
upande wa njia ya ng'ombe.
Nilimwona.
Nikajishughulisha na kufuta kisu.