Jina la Kijiji

Kila Jumatano adhuhuri, huku Arkansas,
redio ya Verlene hupiga yowe la majaribio,
paka akajitupa chini ya jiko.
"Kelele za bure," humwambia marehemu Orrin,
aliyeinunua, akaiweka juu ya friji, akafa.

Leo ni Jumapili, tena usiku wa manane.
Sauti isiyovuta pumzi
inataja kaunti, inataja barabara,
inakosea jina la kijiji kama ada yake,
lakini kijiji ni hiki.

Tochi. Viatu. Paka kwapani, anakwaruza.
Ngazi saba hadi handaki la viazi.

Kulipokucha, jiko halina paa.
Friji imelala kifudifudi kwenye mahindi ya jirani
na matopeni, kwa betri,
sauti ileile inasoma halijoto ya Jumatatu.

Verlene anachuchumaa,
anaitamkia jina la kijiji,
polepole,
ijifunze.