Taa ya Oili

Kwanza toa waya wa hasi kwenye betri.
Mwalimu wangu wa Gerezani alinipiga kofi moja tu maishani,
nalo lilikuwa kwa hilo.
Kisha skrubu za nyota: nne chini ya usukani, mbili juu,
na moja iliyojificha nyuma ya kisahani cha majivu
ambayo aliyeibuni Datsun hii aliiweka, nadhani,
ili kutupima imani.

Umeme umekatika tangu asubuhi. Solda imepoa.
Natumia jua.

Naivuta dashibodi polepole, kwa vidole,
kama anayetoa shuka chini ya mgonjwa.
Inakuja nusu, inagoma:
kebo ya spidi imeng'ang'ania kule nyuma.
Shomvi, mwenye mkono mwembamba, anaingia hadi kiwiko,
anapapasa, anabonyeza kwa kubahatisha.
Tik.

Mezani, juu ya gunia, uso mzima wa gari.
Mshale wa spidi umelala kwenye ishirini na gari limesimama.
Geji ya mafuta inasema robo,
imesema robo tangu msikiti wa jirani haujawa na ghorofa.
Kioo kina manjano ya jicho la mwenye ini bovu.
Kilomita: 41,207.
Tarakimu tano tu. Zimezunguka mara ngapi zikarudi sifuri,
gari halisemi, nami si karani.

Dawa ya meno, ile nyeupe, na fulana kuukuu,
duara, duara, duara,
mpaka naiona pua yangu.
Kutu ya kijani kwenye njia za shaba
naifuta kwa kifutio cha Shomvi cha darasa la saba.
Balbu sita, nne zimekufa.
Nenda Mtaa wa Lindi, na chenji niione.

Hapo ndipo nikaiona.
Taa ya oili. Balbu nzima, haijaungua hata kidogo,
ila kidirisha chake chekundu kimezibwa kwa ndani
kwa plasta ya hospitali,
ile inayodai ina rangi ya ngozi, sijui ya nani,
imekatwa kwa mkasi, pembe nne sawasawa.
Si kazi ya fundi hii.
Fundi angeweka tepu nyeusi, na angeikata kwa meno.

Bi Sikudhani amekaa kwenye kreti ya soda,
mkunga mstaafu wa Amana, pochi magotini.
Nikamwonyesha. Nikaanza, kwa ujuaji wetu mafundi:
"Mama, mficha maradhi..."

"Maradhi sikuyaficha," akanikata. "Nilificha taa.
Marehemu alikuwa na presha. Ikiwaka tu ile nyekundu
anasimama popote, hata juu ya Daraja la Salenda,
honi nyuma, jasho, mkono kifuani.
Mafundi watatu walimwambia ni waya. Hakuamini hata mmoja.
Nikaiziba usiku.
Halafu kila alfajiri, kabla hajaamka,
nafungua boneti, nachomoa kijiti, nakifuta kwa kanga,
nachovya tena, nasoma.
Miaka kumi na moja.
Naye anajisifu kwa majirani: Datsun yangu imepona yenyewe."

Akacheka, kisha hakucheka.

Kweli ulikuwa waya. Umechunika pale unapopenya bodi.
Nikaufunga. Plasta ilikuwa bado kiganjani mwangu, imekakamaa.
"Niirudishe?"
"Ya nini? Nimfiche nani?"

Saa kumi akageuza ufunguo mwenyewe.
Taa zikaamka, nyekundu kabla ya zote.
Akabana pumzi. Injini ikashika,
nyekundu ikazimika, kama inavyopaswa.
Mshale wa mafuta ukapanda, ukasita, ukasema robo.
Kumbe safari hii ni robo kweli.

Hata hivyo akazima. Akashuka.
Akafungua boneti, akachomoa kijiti,
akakifuta kwa ncha ya mtandio.
Shomvi ananinyooshea skrubu moja iliyobaki.
Nyamaza kwanza, namwambia,
mama anasoma.