Samaki Mmoja, Ng'ombe Wawili

Duka hufunguliwa nikishaanza kushona.
Kaunta ni ndoo iliyopinduliwa,
mizani ni henga mbovu na vikopo viwili vya maziwa,
na mwenye duka, Drateru, miaka mitano na ushee,
amejifunga kitenge changu kifuani
kama mtu aliyekwisha kuzaa mara sita.

Sukari ni mchanga wa mto Oli, uliochekechwa.
Sabuni ni udongo. Mkate ni udongo pia,
ila wa jana, uliokauka.
"Nyama msiulize," anawaambia wateja,
"gari halijafika."

Pesa zilikuwa vizibo vya soda,
na wiki nzima mambo yalikwenda sawa:
mkate viwili, sabuni kimoja,
hadi jirani akamwoza binti yake,
na asubuhi ya pili Ayikoru akaja na karai
limejaa vizibo, linalia kama mvua juu ya mabati.
Mkate ukapanda. Vitatu. Kumi.
Kufikia adhuhuri ulifika ishirini na tisa,
kisha ishirini na kumi,
maana huko mbele mwenye duka hajafika.
Nilicheka mpaka uzi ukakatika.
Halafu nikajiuliza: nani kamfundisha?

Nikasema, sasa tucheze na pesa zenyewe.
Nikamwaga mkekani kopo langu la vifungo na sarafu.
Mia: ng'ombe mwenye pembe ndefu.
Mia mbili: samaki.
Mia tano: korongo na taji lake.

"Samaki huyu mmoja ni sawa na ng'ombe wawili."
Akanitazama kwa huruma.
"Mama, ng'ombe anamkanyaga samaki."
"Kwenye pesa hapana."
"Na ndege?"
"Ng'ombe watano."
Akampima korongo kiganjani, akamgeuza,
akamweka sikioni,
akitafuta walikoingia ng'ombe wote wale.
"Nani alisema?"
Benki, nikajibu. Serikali. Watu wote wamekubaliana.
"Mimi sijaulizwa."

Nikarudi kwenye cherehani yangu,
sketi za shule kumi na moja, na pindo zake.

Alasiri Ayikoru akabisha kwenye ndoo:
"Hodi! Mimi Haji. Nimefuata hela ya unga."
Drateru akachutama,
akavuta kitenge hadi kichwani,
akasema kwa sauti yangu, yangu kabisa,
hata kale kakikohozi:
"Mwambie sipo. Nimeenda Koboko, kuna msiba."

Mguu wangu ukabaki hewani juu ya kanyagio.
Huko Koboko, mwaka huu peke yake,
nimeshawazika watu wanne ambao hawakuzaliwa.

Ukutani, kwa mkaa, palikuwa na mistari:
kila deni na mstari wake.
"Huu mrefu ni wa nani?"
"Wako," alisema, bila ubaya,
kama mtu anayeonyesha mahali pa viatu.

Tukaenda kwa Haji Fademulla, mkono kwa mkono.
Korongo wanane, samaki watano.
Alihesabu yeye, mmoja mmoja, juu ya kaunta ya kweli,
akiwalaza ndege upande mmoja na samaki upande wa pili
wasije wakaliwa.
Elfu tano. Deni lilikuwa elfu kumi.
Haji akalamba ncha ya penseli, akaandika,
hakuuliza habari za msiba.
Akampa mtoto peremende.
"Hii ni ng'ombe wangapi?"
"Bure."
Akaitia mfukoni bila kuifungua.
Bure ilimtia shaka.

Jioni akalowesha kidole kwa mate,
akaanza kufuta mstari wangu kutoka mwisho mmoja,
taratibu, ulimi nje,
akafika katikati, akasimama.

Nusu nyingine bado ipo ukutani.
Nimepita hapo mara tatu leo
na ndoo ya maji na tambara mkononi.