Mpangaji

Nimepanga chumba Kayole, chini, upande wa nyuma,
mlango unatazama ukuta, na kati ya mlango na ukuta
hatua kumi na nne kwa tisa za udongo mweusi,
ule unaokuvua kiatu ukilowa,
na ukikauka hupasuka hata mkono ukaingia.

"Mpangaji hupanda mchicha," aliniambia Mbuthia mwenye nyumba.
"Wiki tatu, umevuna, umehama."
Hakuwa na ubaya. Alikuwa anahesabu tu.
Nikapanda mchicha, miaka miwili:
kulima, kupanda, kung'oa, kulima.
Mvua ya Aprili iliubeba pamoja na ndara zangu,
jua la Februari likamalizia.

Mwaka wa tatu nililaza jembe, nikakaa kizingitini.
Nilitazama tu.
Maji ya paa yanaangukia wapi.
Kivuli cha ukuta kinaingia saa ngapi, kinaaga saa ngapi.
Watoto wa Mutheu wanakatiza wapi wakikimbilia choo
(hapo usipande kitu, hata ukiweka miiba. Hapo ni njia).
Katika lugha yetu hii, alipaye kodi
na apangaye vitu vikae mahali pake
wanaitwa jina moja. Siku hiyo nilikuwa wote wawili.

Nyuma ya bili ya maji nikachora.
Mbaazi kwanza, kwa sababu ya mizizi,
itoboe pale jembe lilipogoma.
Mchaichai ukingoni, ushike udongo
kama upindo ushikavyo leso.
Magimbi pale bomba la paa linapotapika.
Mronge magharibi, ukatwe kila mwaka
usije ukachungulia dirisha la ghorofani.
Matembele yatambae chini ya vyote, yafunike,
maana udongo ukiachwa uchi huugua.
Na mparachichi mmoja, kwa ukaidi.

Nilikuwa nimechoka kupanda.
Nilitaka vitu vinavyojua kurudi.

Mutheu alicheka: "Unampandia nani? Na kodi imepanda tena!"
Nikamwambia hiyo ndiyo pekee hupanda bila mvua.

Juni mwaka uliofuata wakaja watu wa bomba la majitaka,
kofia za njano, nao wana mchoro wao.
Mchoro wao ukapita katikati ya wangu.
Siku mbili. Mbaazi moja, iliyonizidi kimo,
ililala juu ya kifusi na maua yake.
Nyingine wakaikata kiunoni.
Nilifunga mlango, nikapika chai tupu,
nikainywa imeshapoa.

Walifukia, wakaenda. Walifukia vibaya:
udongo ukashuka, pakabaki bonde refu
lenye kina cha kiwiko.

Agosti, katika ile baridi ya vumbi isiyonyesha,
nikaona ncha ya kijani kwenye kifusi,
imekunjwa kama barua.
Gimbi.
Kisha la pili, mahali ambapo sikulipanda.
Ile mbaazi ya kiunoni ikatoa vijiti vitatu.
Mchaichai hata haukuwa umeondoka.

Vuli ilipofika, maji yaliyozoea kunibebea ndara
yaliingia katika kosa lao, yakatulia humo.
Nikatafuta bili nyingine, nikachora upya:
magimbi yote yahamie bondeni.

Tarehe tano Mbuthia akaja kuchukua kodi.
Alisimama kwenye ile njia ya watoto,
akachuma mbaazi mbichi, akamenya, akatafuna.
"Huu mparachichi utazaa lini?"
Labda mwaka wa sita.
"Wewe utakuwepo?"
Sijui, nikasema. Ndiyo maana nimeuweka kule pembeni,
usije ukamzibia mlango
atakayepanga baada yangu.

Alihesabu noti mara mbili.
Akaondoka na mbaazi mfukoni.