Mnyweshaji Uwanja

Pampu ilikufa Ijumaa, saa nane mchana,
timu tatu za wageni zikiwa zimeshafika:
Wamalta ghorofa ya pili ya hoteli yetu moja,
Waslovenia ya tatu,
na Waestonia, waliochelewa, bweni la shule ya ufundi,
vitanda vifupi, miguu nje.

Mpira wa magongo hauchezwi pakavu.
Anayedhani nyasi za plastiki hazioni kiu
hajawahi kuteleza juu yake:
humenya goti kama kiazi.
Miaka kumi na tisa kazi yangu hapa Varnėnai ni hiyo,
nusu saa kabla ya filimbi kuunywesha uwanja
hadi mpira ukipita uache mkia wa manyunyu.
Hakuna anayenipigia makofi. Sawa.
Nani hulipigia bomba makofi?

Nikampigia simu Skirmantas, beki wetu wa kushoto,
ambaye siku za kazi ni zimamoto.
Alicheka tu. Jumamosi akaja na gari jekundu
na wenzake, Eimutis na Jaunius,
wakamwaga lita elfu tatu kama watu walioalikwa harusini.
Upinde wa mvua ukasimama juu ya goli la kaskazini
na watazamaji, wote sitini na wawili,
wakasahau baridi ya Mei.
Kisha akavua helmeti, akavaa kinga za ugoko.

Tuliwafunga Waestonia. Tukatoka sare na Slovenia.
Wimbo wa taifa wa Malta uligoma katikati ya spika,
wakaumalizia kwa vinywa vyao,
kipa wao Censu, mwoka mikate,
akiimba ndani ya kofia yake kama mtu aliye kisimani.

Jumapili, fainali. Robo ya tatu, moja kwa moja.
Kona ya adhabu, dhidi yetu.
Watano golini, vinyago usoni,
Skirmantas mlingoti wa kushoto,
na king'ora kikalia pale pale, nyuma ya benchi.

Nguo ya kuazima haisitiri,
na gari la kuazima halisubiri.

Nilimwona akitazama mpira, akitazama gari.
Hata tatu usingefika kuhesabu.
Akamwita kijana wa akiba, Domantas,
miaka kumi na saba, wembe haujui,
akampa mlingoti wake,
akapanda garini na kaptura, soksi za njano hadi magotini,
kinyago bado usoni.
Refa, mwanamke wa Ufini, aligusa mfuko, akauacha.
Kuna kadi ya kijani, kuna ya njano, kuna nyekundu;
hakuna rangi ya mtu anayekwenda kuzima moto.

Domantas alizuia. Akazuia tena.
Wa tatu ukampita katikati ya miguu.

Na uwanja, bila gari, ukaanza kukauka.
Niliuona ukiacha kijani cha chupa
ukishika kijani cha daftari kuukuu.
Mpira ukarukaruka kama chura, pasi zikafia njiani,
Wamalta wakaanguka, wetu wakaanguka,
magoti yote damu ile ile.
Mapumziko ya mwisho nikakimbia na ndoo. Ndiyo, ndoo.
Mwanamume wa miaka hamsini na nane, ndoo mbili,
uwanja wa mita tisini na moja.
Hapo ndipo waliponipigia makofi,
na sikuyataka.

Mbili kwa moja. Kombe lenyewe linatosha maua matatu.
Medali zikigawiwa, gari likarudi,
Skirmantas akashuka, soksi si za njano tena,
ananuka majani makavu yaliyoungua.
"Ghala la Genovaitė," alisema. "Ng'ombe wazima. Paa, basi."
Halafu: "Ilikuwaje?"
Domantas alitazama viatu vyake.
Censu, medali ya dhahabu ikining'inia juu ya makinga yake makubwa,
akamnyoshea chupa ya maji.
Alikunywa nusu. Nusu iliyobaki
aliimwaga chini, taratibu, palepale aliposimama,
na nyasi zikainywa bila sauti.

Pampu ilitengenezwa Jumanne.
Ilikuwa mpira mmoja wa kuzuia maji uliopasuka,
bei yake yuro kumi na moja.
Risiti ninayo.