Pembe Sita

Nilikuwa zamu. Kopo likaja na jina
nililolizoea kwenye cheti changu cha kuzaliwa:
Ntahondi Ruhaza, miaka hamsini na minne, mpika chumvi, Uvinza.
Nikadondosha tone juu ya kioo,
nikainamia hadubini kama mtu achunguliaye jiko la jirani.

Pembe sita. Bapa, angavu,
vigae vya nyumba isiyokaliwa na mtu.

Baba, siku ile sikukwambia yote.
Nilisema, "Ni mawe." Ukacheka, umeshika kiuno:
"Mawe nimebeba kabla reli haijachakaa."

Sasa nakwambia.
Dagaa uliowala juzi na ugali wa muhogo
wamevunjwavunjwa tumboni hadi asidi amino, punje
ndogo kuliko moshi wa tanuri lako.
Lakini seli haiingiwi hivi hivi. Ngozi yake ni mafuta,
na kila punje sharti ibishe hodi mlangoni pake.
Ipo milango ipitishayo punje iliyoshikana mikono na chumvi,
ndiyo, sodiamu, ile ile, inayokimbilia ndani
kama Ruchugi inavyokimbilia Malagarasi,
na punje hudandia mkondo.
Mwingine ni mlango wa kubadilishana, haujui fedha:
nipe sistini, nikupe nyingine ya ndani,
kama bibi yako alivyotoka na pishi ya chumvi
akarudi na mtama.

Huo ndio ulioharibika figoni mwako.
Baba yako alikuachia komeo bovu, mama yako naye komeo bovu;
wao kila mmoja alibaki na moja zima, hawakujua.
Sistini hubisha, hubisha, hakuna afunguaye,
mkojo unaichukua. Lisini na wenzake,
waliofukuzwa kwenye mlango huo huo, huyeyuka na kwenda zao.
Yeye huganda.

Unajua kuganda. Umesimama miaka thelathini
ukingoja maji yakauke karaini, weupe ubaki.
Ni jambo lile lile, ila karai ni wewe.

Daktari ameandika: maji, glasi baada ya glasi,
hata saa nane za usiku aamke anywe.
Halafu mstari wa mwisho, ambao nimeukunja mara tatu:
apunguze chumvi.

Umeusoma. Umenyamaza.
Kisha ukaramba kidole, kwa mazoea tu,
ukakitazama.
"Haya," ukasema. "Leta hayo maji."